Karibu Nyumbani, Kuka

Admin, ficha jina langu, lakini usiondoe kitu kingine chochote. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi mtaa wa Pipeline, na riziki yangu ni kutengeneza kompyuta kuukuu.

Kakangu mkubwa ndiye aliyenilea baba alipofariki. Amerithi jina la babu yetu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Kuka, yaani babu. Nje ya familia hakuna anayemwita hivyo. Alipolalamika kwamba anaibiwa nywila kwenye saiba za Eastleigh, zile za kompyuta za kukodi, nilimuundia mfumo wake mdogo wa kuendesha kompyuta, wote ndani ya flashi. Unaichomeka kwenye mashine yoyote, unawasha, na mashine inafuata flashi yako. Ukizima, inasahau kila ulichofanya. Jamani, nilijivunia ile kazi! Nilipunguza hiki, nikaondoa kile, mpaka ikawaka hata kwenye mashine iliyochoka kabisa. Kwa mapenzi nikaweka salamu ya kufungulia: "Karibu nyumbani, Kuka." Niliunda moja tu.

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu alitoweka. Bado ni mwanafunzi. Leo asubuhi mamake akaniletea flashi.

"Mami, wewe ndio unajua hizi vitu. Nimeitoa chini ya godoro yake. Niangalilie kama ameandika anaenda na nani."

Nikaichomeka, yeye amesimama nyuma yangu. Ile salamu ikatokea.

"Kuka ni nani?"

Nikamwambia ni neno tu la kompyuta. Nilimdanganya mama anayelia. Ndani hamkuwa na kitu kingine, na aliyehakikisha hivyo ni mimi.

Alipotoka tu, kakangu akapiga simu.

"Niaje, sis. Kuna flashi yangu imebaki kwa huyo jirani yako, chini ya godoro. Mamake akikuletea, mwambie imeharibika."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya godoro.

"Kuka, huyo mtoto ako wapi?"

Akacheka. "Si ulisema hiyo kitu haikumbuki mtu? Basi na wewe usikumbuke. Kesho nakuja kuichukua."

Naogopa. Nikiipeleka polisi, nimemfunga aliyenisomesha. Nikimrudishia, sijui huyo binti atapatikana vipi. Mamake hachoki kugonga mlango akiuliza kama mashine imesema kitu. Nishaurini, nifanye nini kabla ya kesho? Na wewe Kuka, najua huusoma huu ukurasa. Mrudishe mtoto wa watu.