Kigae cha Mama Januari

Mama mkwe wangu Anisia, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Januari, alikuwa mfinyanzi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko moto aliochomea vyungu. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, najua ninachosema.

Mwaka 1978, hapa kwetu nje ya Ushirombo, nusura anyang'anywe udongo. Shimo la udongo mzuri lilikuwa chini ya kilima cha Nyamwela, na Nyamwela, tuliambiwa tangu utotoni, ulikuwa mji wa mtemi wa kale, wenye milango ya dhahabu. Mzee Otmar, baba yake Stanslaus, alijiita mjukuu wa mtemi huyo, ingawa jina la babu huyo hakuwahi kulitaja. Alitaka shimo lote wanawe wafyatulie matofali. Sisi, alisema, ni watu wa kuja. Wazee wetu waliingia mji ukiwa umeshakufa.

Halmashauri ya kijiji ikaona isubiri. Bwana Donatus, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa ameanza kuchimba kilimani. Ardhi ikionyesha mji ulikuwa wa nani, ukoo huo ndio utakaobaki na shimo, na mwingine utoke.

Niliajiriwa kuchekecha udongo. Kila kilichobaki kwenye chekeche kilinitia hofu, maana vyungu ndivyo vilivyotulisha mwaka mahindi yalipokauka.

Alhamisi moja, kwenye kina cha kiuno, Donatus akatoa vigae vitano vyenye nakshi ya ukoo wetu: mistari mitatu ya msokoto wa nyasi, na chini yake alama za kidole. Alifurahi kuliko mimi. Tabaka lile, alisema, lina miaka kama mia tatu, kwa hiyo wafinyanzi wetu waliishi ndani ya mji wenyewe. Nilikimbia kumwita mama mkwe.

Alikuja, akakipokea kigae kimoja, akaweka kidole chake cha shahada kwenye alama. Kidole kile kilivunjwa na mchi akiwa msichana, kikapona kimepinda. Kikaenea kwenye alama sawasawa. Nami nikaelewa: chungu kile alikifinyanga yeye.

Kwetu chungu kikipasuka motoni hakilali nyumbani, kisije kikavifundisha vingine kupasuka. Wenzake walivitupa vichakani. Yeye kwa kiburi chake hakutaka mteja aone, akawa anavisukumia ndani ya pango la nungunungu pale kilimani. Baadaye mvua ikalifukia, na Donatus hakutambua kwamba alikuwa anachimba ndani yake.

Nilimvuta kando nikamsihi anyamaze. Tulijua wawili tu. Aliendelea kufinyanga kama kawaida, siku hiyo na ya pili, na nilimkasirikia hadi chakula kikanishinda.

Jumapili baada ya misa, Donatus aliinua kigae mbele ya mkutano. Watu wakapiga makofi. Otmar akainamisha kichwa. Mama mkwe wangu akasimama.

"Hicho ni changu," alisema. "Nilikitupa mwaka juzi, kwenye pango la nungunungu."

Donatus akakaa bila kuangalia nyuma kama pana kiti. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Donatus alipewa wiki mbili zaidi. Akachimba mbali na pango, kwa aibu, mpaka kina cha mtu mzima. Hatukuona ukuta wala mlango, wala punje ya dhahabu. Tuliona majivu, mavi ya chuma yaliyobaki tanuruni, mirija ya mivuo ya kupulizia moto, na vigae vya nakshi tusiyoijua, vingi vimepasuka motoni. Donatus alisema Nyamwela ulikuwa mji wa wafua chuma na wafinyanzi. Wa ukoo gani, hakujua. Otmar akawa hana mtemi, nasi hatukuwa na babu pale. Halmashauri ikaamua shimo ni la kijiji, achote anayehitaji.

Asubuhi iliyofuata Otmar alitukuta shimoni, akiwa na jembe lake.

"Mama Januari, ungenyamaza tu, shimo lote lingekuwa lako."

"Ningenyamaza, Baba Stanslaus, ningekuwa wewe."

Otmar aliinama akaanza kuchota, na mama mkwe wangu akasogeza ndoo yake kumpa nafasi.