Nyumba Iliyoinamia Bondeni

Bi Zuhura wa Lukozi hakuwahi kukalia dawati, lakini kitu kilichopinda kilimchefua kama nzi kwenye mchuzi. Chapati isiyokuwa duara aliwatupia kuku, na kuku nao, kwa kuishi na mwanamke yule, wakaanza kuisusa. Sambusa alitaka ya pembe tatu zilizochongoka. Akiletewa iliyovimba huuliza, "Hii imepikwa au imepigwa kofi?" Matuta yake ya kabichi yalinyooka hata mvua, wanavyosema majirani, ilijipanga mstari kwanza ndipo ikashuka.

Sasa, katika ukoo wao mahari haitajwi mpaka shangazi akaone binti atalala wapi. Nasra, mtoto wa marehemu kaka yake, alimpenda Twaha, kijana wa ng'ambo ya bonde aliyejijengea nyumba ya miti na udongo. Lilibaki neno la Bi Zuhura tu.

"Shangazi, usiangalie sana kuta," Nasra alimbembeleza akimtengenezea mtandio. "Mwangalie yeye."

"Kwani mvua ikinyesha utajifunika yeye?"

Alipofika kwa Twaha aliziba mdomo kwa kanga. Milimani kule mtu akitaka kujenga huukata mlima kwanza, akapata kiwanja kilicholala kama sinia. Twaha hakukata kitu. Kazaliwa mteremkoni, kakulia mteremkoni, machoni pake mteremko ndio tambarare. Alifuata ardhi ilivyokwenda, na nguzo zote zikainamia bondeni, nyumba nzima kama mmbea anayetega sikio kusikia wanachosema watu wa Magoma kule chini.

"Shikamoo, shangazi. Karibu ndani."

"Marahaba. Nipite wapi? Huo ndio mlango?"

Mlango ulikuwa na pembe nne, ndiyo, lakini mbili zimebanwa na mbili zimeachama. Dirisha lilikuwa kama kitambaa kilichovutwa ncha moja. Bi Zuhura aliingia kwa ubavu, asije akaambukizwa.

Twaha akamwekea chai na sahani ya plamu. Plamu moja ikadondoka, ikabingirika sakafuni, ikatoka mlangoni kama mgeni aliyeudhiwa. Wapo wanaoapa kwamba walikutana nayo Magoma, bado inakwenda. Bi Zuhura hakuitazama. Alikuwa ameinamia kikombe. Kikombe chenyewe duara safi, lakini chai ndani yake imekaa upande: huku inalamba ukingo, huku imeacha pengo la vidole viwili.

"Macho huzoea, shangazi," Twaha alisema kwa sauti ndogo.

"Yangu yanataka kutapika. Mtoto atakayekulia humu atatoka na mguu mmoja mrefu, halafu sokoni waseme ndivyo ukoo wetu ulivyo!"

Akakisukuma kikombe bila kukionja. Chai ya mchumba isiponywewa hakuna tena la kuuliza.

Twaha akauliza hata hivyo. "Unanikataa mimi, shangazi, au nyumba?"

Bi Zuhura alimpima kutoka utosini hadi kisigino. "Wewe umesimama wima kuliko nguzo zako zote. Hili banda ndilo linalonitia kinyaa. Nasra halali humu."

"Basi hatalala humu."

Kijana alitoka, akachukua shoka, akaangalia kama shangazi keshatoka, akaipiga nguzo ya kona. Akapiga tena. Nyumba ikalia, ikajikunja, ikajimwaga yote upande wa bondeni. Vumbi lilipotulia Bi Zuhura alisonya msonyo uliorusha kunguru mitini.

"Astaghfirullah! Hata kuanguka imeanguka upande!"

Akatafuta jiwe, akalikagua pande zote, akalikalia.

"Lete jembe. Ukate mlima mpaka sinia litulie juu yake bila kuteleza. Nasra nitamwambia akusubiri."

"Ahsante, shangazi! Ahsante sana!"

"Ahsante ya nini? Hebu angalia unapoanzia. Kona yenyewe imeshapinda, toba!"