Picha Juu ya Madhabahu

Bi Hermelinda Tecuapetla wa Cholula alikuwa fundi cherehani, na siku zisizo na nguo za kushona aliigiza maiti. Katika tamthilia za televisheni alikwisha kuzama, akapigwa risasi, akazikwa mara mbili, wala hakuwahi kupewa neno la kusema. Safari hii alipewa. Angekuwa mzimu katika tamthilia ya wapelelezi wa mambo ya ajabu, nao wangemwuliza amerudi kufuata nini.

Nje jua la adhuhuri liliwaka, lakini chumba cha kurekodia kilizibwa madirisha kwa vitambaa vyeusi. Ndani aliikuta madhabahu ya wafu, meza wanayoandaliwa marehemu waje kula utamu wa chakula: maua ya manjano, mishumaa, mkate, na bakuli la mole, mchuzi mzito wa pilipili, likifuka mvuke. Katikati ilisimama picha yake mwenyewe.

"Nani kaniweka pale?"

"Sisi, bibi," alijibu Baltazar, mwongozaji. "Si wewe ndiye marehemu?"

"Marehemu wa kulipwa, mwanangu. Picha ya aliye hai haiwekwi hapo. Huko ni kujiitia kifo."

"Umeshakufa mara ngapi kwenye televisheni, bibi? Leo ndiyo unaogopa?"

"Ile damu ilikuwa rangi. Mole hii ni ya kweli, naisikia harufu."

Baltazar alikuna kichwa. Bila picha hakuna kisa, alisema. Akikataa, atatafutwa bibi mwingine. Hermelinda aliliona neno lake la kwanza likimponyoka kabla hajalisema. Akafungua mkoba na kutoa picha ya mdogo wake Otilia, aliyefariki mwaka juzi. Alikuwa ametoka kuitia fremu kwa ajili ya madhabahu ya nyumbani. Sura zao hata padri alizichanganya.

"Mwekeni huyu. Hapo ni pake, na televisheni aliipenda kuliko mimi."

Taa zikawaka. Mpelelezi akauliza, "Umerudi kufuata nini?"

Hermelinda alimtazama mdogo wake kati ya mishumaa. "Nimekuja kula na watu wangu," akasema. Baltazar hakuomba irudiwe.

Kazi ilipokwisha walipakua mole. Baltazar alionja, akakunja uso. "Mbona haina ladha? Asubuhi ilikuwa tamu."

"Otilia keshakula," alisema Hermelinda, akichovya chapati yake ya mahindi kwa raha zake. "Na huyo hajui kubakiza."