Bi Unganisha Atafuta Leseni ya Redio

Kama hujawahi kumsikia Bi Unganisha akipokea simu, basi hujaumwa vya kutosha. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye chumba cha simu cha hospitali kuu, chenye dirisha moja, feni inayolia, na kiti ambacho mto wake ameshaubadilisha mara nne, akisema maneno yale yale: "Hospitali, habari yako. Subiri kidogo nikuunganishe." Jina lake la kuzaliwa wanalijua watu wa mishahara tu. Sisi wengine, kuanzia wagonjwa hadi mganga mkuu mwenyewe, tunamwita Bi Unganisha, naye anaitika.

Sasa mtu huyo aliyewaunganisha maelfu alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, na walikuwa hawasemezani. Na kosa lilikuwa lake yeye Bi Unganisha. Nalisema mapema usije ukaanza kumwonea huruma kabla hujajua aliyoyafanya.

Mdogo wake huyo hupima hali ya hewa kwenye kituo kilichoko juu ya mlima, mbali, mahali ambapo simu ya mkononi ni tochi tu. Gari la serikali hupanda huko mara mbili kwa mwaka, na asiye mfanyakazi hapandi. Mama yao alipofariki, mdogo mtu alifika siku mbili baada ya mazishi. Bi Unganisha alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka, lakini ya kutukania ikapatikana. Mbele ya majirani, wakwe na watoto, alimwambia: "Umefuata nini? Mama amekuita siku tatu, wewe uko huko unahesabu mawingu! Rudi ulikotoka. Mimi sina ndugu."

Ulimi hauna mfupa. Bwana yule alikunywa maji, akawaaga wakubwa, akaondoka. Wiki moja baadaye ndipo ikajulikana kwamba barabara ya mlimani ilikuwa imebomolewa na mvua, na yeye alishuka kwa miguu siku mbili mchana na usiku hadi viatu vikamwishia njiani.

Ikapita miaka minne. Kila akipewa likizo anaikataa. Barua za dada yake alizijibu kwa mstari mmoja: "Nimepata. Niko salama." Na kusema kweli barua zenyewe hazikuwa na lolote, maana Bi Unganisha akishika kalamu huandika kama karani wa polisi. Mambo yake yote yako kooni.

Siku moja alikuja hospitalini fundi wa redio kutengeneza mitambo ya magari ya wagonjwa. Alimsikiliza Bi Unganisha akipokea simu tatu, akaweka bisibisi chini.

"Mama, una ndugu yako mlimani?"

"Nani kakwambia?"

"Sauti. Kuna bwana wa hali ya hewa, kila Jumamosi saa kumi jioni huwa hewani na sisi wa klabu ya redio. Anakwaruza hivyo hivyo."

Jumamosi hiyo Bi Unganisha alikuwa kwenye karakana ya Fundi tangu saa nane. Saa kumi kamili redio ikakohoa, na mdogo wake akaingia: upepo, joto, kisha hadithi ya panya aliyekula kamba ya bendera ya kituo. Akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomchoma dada mtu. Kumbe ndugu yake yuko, anaongea, anacheka na watu baki, na yeye hayumo! Mkono ukamtoka wenyewe kuelekea kwenye maikrofoni. Fundi akaifunika kwa kiganja.

"Kusikiliza ruksa, mama. Kubonyeza ni kwa mwenye leseni. Hata ungekuwa mama yangu mzazi."

"Basi nisemee wewe."

"Nimwambie nini? Na ujue wanachama wote wanasikia, na yeyote mwenye redio ya kunasa masafa haya."

"Usimwambie kitu, wala usimwambie nilikuja. Nilimtukana mbele za watu kwa mdomo wangu mwenyewe, nitamwomba radhi mbele za watu kwa mdomo wangu mwenyewe. Msamaha hauazimiwi mdomo. Hiyo leseni inapatikanaje?"

Ilipatikana kwa mtihani, mara mbili kwa mwaka: maswali arobaini ya kuandika, halafu mazungumzo ya hewani mbele ya mtahini. Ukianguka mara mbili, unakaa nje miaka miwili. Fundi alimpa kitabu kilichochakaa, kina michoro ya nyaya kila ukurasa. Na Bi Unganisha aliachana na hesabu darasa la saba, wakaachana kwa amani, kila mmoja akashika njia yake.

Akaanza. Kanuni ya volti, ampea na ohm aliibandika juu ya meza ya simu, nyingine mlangoni mwa bafu. Mumewe ni kinyozi, na kinyozi hanyamazi. Alikishika kitabu mkono mmoja na mashine mkono wa pili, mkewe akitoka kazini anakuta baraza limejaa.

"Betri volti kumi na mbili, ukinzani ohm nne, mkondo ampea ngapi?"

"Nane!"

"Umetoa, mke wangu. Hapa tunagawa."

"Tatu," alisema mteja kwenye kiti, povu hadi masikioni.

"Wewe nyamaza, hufanyi mtihani!" alifoka Bi Unganisha. Lakini kesho yake alijua. Wiki ya tatu akawa anakokotoa urefu wa wimbi huku anakuna kichwa cha mume: mia tatu gawanya kwa masafa, na kumi na tano inaingia mara ishirini, basi mita ishirini. Wateja nao walijifunza wakitaka wasitake. Mtaa ule hadi leo una muuza mkaa anayejua antena inakatwaje.

Siku ya mtihani alipata thelathini na moja kati ya arobaini, na ya kufaulu ilikuwa ishirini na nane. Alitamani kupiga vigelegele mle mle. Kisha akaingizwa kwenye chumba kidogo chenye redio. Mtahini alikaa chumba cha pili na redio yake. Kazi ilikuwa ndogo: kuitana, kutambulishana, kupeana taarifa za usikivu, kuagana.

Mtahini akaita. Bi Unganisha akashika maikrofoni, akavuta pumzi, na miaka ishirini na sita ikamtoka mdomoni: "Habari yako. Subiri kidogo nikuunganishe."

Na akaweka maikrofoni chini! Akakaa, mikono mapajani, ametulia kabisa, kazi imekwisha. Upande wa pili mtahini anaita, anaita tena. Ilipita dakika nzima kabla Bi Unganisha hajagundua kwamba aliyekuwa anasubiriwa ni yeye. Loo! Alipoinyakua maikrofoni, mtahini alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake.

"Mama, umeniunganisha na nani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Alianguka. Nyumbani alivua viatu, akajitupa kitandani na nguo za kutokea. Mumewe akataka kumtania, akamtazama, akaacha.

"Nimebakiwa na mara moja," alisema Bi Unganisha, uso ukutani. "Nikikosa ni miaka miwili. Mtu anaweza kufa kwa miaka miwili. Mama alikufa kwa siku tatu."

"Sasa utafanyaje? Maneno hayo hayo unayasema mara mia kwa siku."

"Sijui. Lakini sitakosa."

Fundi ndiye aliyepata mlango. Alimuuliza kazini anashika simu kwa mkono gani. Wa kulia. "Basi redio ni ya kushoto. Mkono wa kulia una mwajiri wake. Huu wa kushoto haujafundishwa kitu, tuufundishe." Pia akampa neno moja la kushikilia: anayemaliza kusema hewani hutamka "ova", ndipo anaachia kitufe, na zamu inakwenda kwa mwenzake. "Wewe huunganishi watu tena, mama. Wewe ndiye unayepigiwa."

Miezi sita nyumba ile haikukalika. Bi Unganisha alitembea na kipande cha sabuni ya kufulia mkono wa kushoto, kidole gumba juu yake. Hakuna aliyejibiwa bila taratibu.

"Nakusikia vizuri, mume wangu. Mchuzi uko jikoni. Ova."

"Chumvi imezidi. Ova."

"Taarifa imepokelewa. Kesho upike wewe. Ova."

Kila alipoteleza akasema "subiri", alianza upya tangu salamu ya kwanza, hata kama chakula kinaungua, na kiliungua sana. Mumewe alikonda kidogo. Sabuni nazo ziliisha nne. Jumamosi alikwenda karakana, akamsikiliza mdogo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkono wa kushoto ukibonyeza sabuni, midomo ikicheza bila sauti.

Mtihani ukarudi. Maswali akapata thelathini na sita, hakutamani hata vigelegele. Kwenye chumba kidogo alikalia mkono wa kulia, akaukalia hasa, kwa uzito wake wote. Mtahini akaita. Bi Unganisha akaitika, akajitambulisha, akampa taarifa ya usikivu, akapokea ya kwake, akaaga, akasema ova na kuachia. Mtahini alikuja mlangoni akitabasamu.

"Leo sikusubiri."

"Leo nimesubiri mimi," alisema Bi Unganisha, na machozi yakamtoka pale pale bila kuomba ruhusa.

Leseni ilichukua wiki tano. Karatasi yenyewe ndogo, ina muhuri na alama ya wito ya kwake peke yake, herufi na namba ambazo hana mwingine duniani. Jumamosi iliyofuata alifika karakana na gauni lililopigwa pasi. Maneno yake aliyapanga kwenye karatasi. Saa kumi mlima ukaingia hewani, na mdogo mtu alipomaliza upepo na joto akauliza kama kuna kituo kingine. Fundi akasogea pembeni, akamwachia kiti.

Bi Unganisha akabonyeza. Akataja alama yake. Ova.

Mlima ukaitika: "Kituo kipya, karibu. Nakusikia safi kabisa, kama uko mlangoni. Nani mwenzangu? Ova."

Akasoma kwenye karatasi, sauti imenyooka: "Ni dada yako. Siku ya msiba nilikutamkia maneno yasiyofaa mbele ya watu. Naomba unisamehe. Ova."

Akaachia kitufe. Hapo ndipo alipojua kusubiri ni nini, yeye aliyewasubirisha watu robo karne. Redio ilivuma taratibu. Fundi alitazama sakafu.

"Mwenzangu," sauti ikasema mwishowe, "hiyo sehemu ilikatika. Hebu rudia. Ova."

Fundi aliinua kichwa, akatazama mshale wa usikivu wa redio, akatikisa kichwa: hakikukatika kitu. Bi Unganisha alielewa palepale. Miaka mitano iliyopita angefoka mpaka mlima uteremke. Sasa aliikunja karatasi, akaiweka mezani, akabonyeza.

"Nilikwambia sina ndugu. Nilisema uongo, ninaye mmoja tu, ni wewe. Ulishuka kwa miguu siku mbili kuja kumzika mama, na mimi sikukuuliza hata umekula. Sikukutazama miguu. Watu wote walikuwa wananisikia siku ile, na leo wananisikia. Nimekosa, mdogo wangu. Nimekosa sana. Nimesoma ampea na ohm mwaka mzima nije kukwambia hivyo. Ukitaka nirudie tena nitarudia mpaka kesho. Ova."

Katika wanachama wote wa klabu, kila mmoja kwake, hakuna aliyethubutu kugusa kitufe. Kisha mtu akapenga kamasi huko mlimani, hewani, bila haya.

"Nimepokea yote, dada," alisema. "Hata ile ya kwanza niliipokea. Gari linashuka mwezi ujao, nitakuwemo. Ova."

Bi Unganisha alibaki ameishikilia maikrofoni kifuani kwa mikono miwili. Ikabidi Fundi amguse bega.

"Mama, ni zamu yako."