Nukta Nyekundu ya Kaa-Sawa

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Kaa-Sawa. Jina hilo kalitafuta mwenyewe. Ukiketi kwenye kiti chake, taulo haijafika hata begani, ameshakushika kichwa kwa mikono miwili, anakisukuma huku na kule na kukukaripia: "Kaa sawa!" Akimaliza kunyoa anakupa nyongeza: anakizungusha kichwa ghafla mpaka shingo inalia ka! Watu wanashusha pumzi, wanacheka, kesho wanarudi. Yeye mwenyewe shingo inamuuma miaka nenda rudi, na kila asubuhi huizungusha vivyo hivyo kabla ya chai.

Mimi ndiye mfuaji wa taulo pale dukani, kwa hiyo naona mengi. Nikaanza kuona watu wanatoka ndevu upande mmoja juu, upande mwingine chini. Ukimwambia, anakuja juu: "Kichwa chake ndicho kimepinda!" Mbishi yule, Mungu ndiye anayemweza. Mpaka siku alipomkata baba yangu mzazi sikio. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kola. Kaka yangu hakutaka maneno mengi. Akauchukua wembe, akautia mfukoni.

"Shemeji, huugusi tena mpaka wa hospitali waiangalie hiyo shingo yako."

Mume wangu alinywea. Hana kazi nyingine anayoijua. Hata msumari kupigilia hawezi.

Kliniki tulimkuta binti mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, rika la mtoto wetu wa kwanza. Akamfunga kichwani kijitaa kinachotupa nukta nyekundu ukutani, akamkalisha mbele ya karatasi yenye duara.

"Baba, nukta iko katikati. Sasa fumba macho, geuka kushoto, halafu urudi palepale ulipoanzia."

Akageuka, akarudi, akatulia. "Hapa. Katikati kabisa."

Nikaziba mdomo kwa mkono. Nukta ilikuwa nje ya karatasi, iko kwenye pazia! Akafumbua macho. "Mmeisogeza karatasi!" Akarudia. Pazia. Akarudia tena. Pazia lilelile. Jamani! Kumbe muda wote ule alikuwa anawapinda watu akidhani anawanyoosha!

"Maumivu ya muda mrefu yameivuruga shingo," binti akasema. "Haikuambii ukweli kichwa kiko wapi."

Akamlaza, akampapasa, akamuuliza maswali mpaka mimi nikachoka, ndipo akamzungusha. Ka! Maumivu yakapungua, nukta nayo ikasogea, lakini duara haikulifikia. Hilo, alisema, litataka mazoezi ya kila siku.

"Kuzungusha hata mimi najua," mume wangu akajigamba. "Nawafanyia wateja wote."

Binti akageuka. "Unawauliza nini kwanza?"

"Kama wanataka mafuta."

Alitutazama kama aliyeona nyoka. Akasema wapo watu ambao shingo zao hazizungushwi kamwe, na mtu mwenye kizunguzungu asiguswe kabla hajapimwa.

Mazoezi aliyafanya, usiseme. Sebule nzima ikawa yake, kijitaa cha kuazima kichwani, anabishana na ukuta. Hatimaye nukta ikawa inarudi ndani ya duara, binti akamruhusu, na kaka akarudisha wembe bila kinyongo. Mteja wa kwanza akawa baba yangu yuleyule, kwa hiari yake. Nilisimama mlangoni roho mkononi. Ndevu zikatoka sawa pande zote mbili, sikio zima. Nikapiga kigelegele.

Baba hakuinuka. Alilegeza shingo, akafumba macho, anangoja nyongeza yake. Mume wangu alinyanyua mikono, kisha akaishusha.

"Baba, wewe huwa unapata kizunguzungu?"

"Kila ukinizungusha," baba akajibu. "Kuna siku njia ya nyumbani naiona mbili. Si ndiyo dawa inafanya kazi?"

Taulo ikanidondoka. Mume wangu aliketi palepale sakafuni, juu ya nywele za watu.