Kidole cha Wessel

Bwana Lambert Oudaen, mchoraji, hakuweza kukatiza soko la Haarlem bila kumtia mtu ndani ya Biblia. Muuza samaki wa darajani, kipara na mdomo mchafu, alimfanya Petro. Mlevi wa kilabu cha bia alimlaza kitini mchana kutwa akawa Nuhu, na yule wala hakuhitaji kufundishwa. Mimi, Hillegond muuza mtindi, alinifanya kijakazi aliyebeba sinia lenye kichwa cha Yohana. Eti nina uso wa hasira! Nikamwambia, "Bwana, hasira ninazo kwa sababu umenisimamisha tangu asubuhi na wateja wangu wananisubiri." Akasema, "Hiyo hiyo, usiipoteze."

Fundi alikuwa fundi, sibishi. Mtoto wa mtengeneza mapipa, alishika brashi kabla ya kuota ndevu, akaenda hadi Roma, akarudi na kikohozi na Ukatoliki uliomkolea. Lakini alirudi kwenye mji ambao kanisa lake kuu tulikwisha kulichukua sisi Waprotestanti na kulipaka chokaa tupu. Picha takatifu hazikuwa na pa kutundikwa. Wenye fedha walimwagiza picha za malimau na bilauri za divai, akawachorea apate mkate wake. Moyo wake ulikuwa kwa watakatifu. Hao aliwachora kwa ajili ya vyumba vya darini vya nyumba za watu, ambako Wakatoliki walisali kwa siri, na wakuu wa mji wakajifanya viziwi.

Habari yangu lakini si ya Lambert. Ni ya Machteld, mfua kitani, aliyekuwa akichukua mtindi wangu kila wiki.

Kazi ile inakula mtu. Unaloweka kitani kwenye magadi ya moto, unakianika majanini, unakimwagia maji, unakiloweka kwenye mtindi, na tena, na tena, mpaka kiwe cheupe. Mikono ya Machteld ilikuwa imechubuka mpaka viwikoni. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja, Wessel. Mtoto huyo alipokuwa anaanza kutembea, pipa la magadi lilimwangukia mguu wa kulia. Kidole gumba kikavunjika, kikapona kimepinda kuelekea wenzake. Mama mtu alikifunga kitambaa kila usiku, akakibusu, akamwambia kitanyooka. Hakikunyooka ng'o.

Wessel akakua, kijana wa vichekesho. Mwaka ule aliougua homa akabaki mifupa, Lambert alimwona akiota jua mlangoni, akasimama kama aliyeitwa. Alikuwa na kazi kubwa mkononi: Bwana Yesu ameshushwa msalabani, amelazwa juu ya shuka. Akamtaka Wessel alale awe mwili huo.

Machteld alisita. Sisi hatuna mambo ya sanamu. Lakini kijana mwenyewe alitaka, na shuka aliyolazwa juu yake aliifua mama yake kwa mikono yake. Nilimsindikiza kuipeleka. Tukamkuta Wessel amejinyoosha sakafuni, macho amefumba, midomo imepakwa unga. Akafumbua jicho moja.

"Mama, nimekufa vizuri?"

"Nyamaza, mwana mkosa adabu!" Machteld akasema, huku anacheka.

"Na huyo shangazi mwenye mtindi amekuja kunizika au kunidai?"

"Nimekuja kukupiga," nikamjibu.

Alipocheka kishimo kilimwingia shavuni. Lambert akamkemea: "Wessel, Bwana wetu hacheki. Lala."

Majira ya kuchipua yaliyofuata kijana alipata nguvu, akajiandikisha kwenda kaskazini kuvua nyangumi. Barafu iliibana meli yao ikaivunja. Waliorudi walikuwa wachache, yeye hakuwamo. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna hata soksi.

Machteld aliendelea kufua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Siku moja nampimia mtindi, akanishika mkono.

"Hillegond, kishimo cha shavu lake kilikuwa upande gani? Kulia au kushoto?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikujua. Nilimwona kijana yule maisha yake yote, na sikujua.

"Unanitoka," akasema. "Uso wake unanitoka. Kila nikiamka umepungua. Shoga yangu, mimi mama gani?"

Hapo ndipo alipoikumbuka picha. Alikwenda kwa Lambert, nami nyuma yake. Mzee alikuwa amechoka sana, anakohoa kwenye kitambaa. Akamwambia picha iko kwenye dari la Agniet, yule bikira aliyejitoa kwa Mungu na kutunza kanisa la siri nyuma ya kiwanda cha bia. Kisha akafumbua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaufumba. Laiti angelisema.

Tukaenda, tumejifunika shali. Agniet akatupandisha ngazi nyembamba iliyonuka nta. Juu ya altare hapakuwa na Yesu aliyekufa. Palikuwa na wachungaji, ng'ombe na mtoto mchanga.

"Mwanangu yuko wapi?" Machteld akauliza.

"Hii ni ya Krismasi, mama," Agniet akasema polepole. "Kwetu picha hubadilishwa kwa majira. Ile ya Mateso imekunjwa. Itapandishwa Juma Kuu."

"Nikunjulie nione mara moja tu."

"Kwenye baridi hii? Rangi itapasuka. Utampasua uso."

Machteld akarudi nyuma upesi, mikono kifuani. Akangoja. Mimi nilijua balaa iliyokuwa mbele, nikamwambia wazi. Juma Kuu lao ndilo juma ambalo wazee wetu wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kumchunguza kila mtu kabla ya Meza ya Bwana siku ya Pasaka. Atakayekutwa kwa Wakatoliki, kiti chake mezani kitakuwa kitupu mbele ya mji mzima.

"Tangu usichana wangu sijakosa Meza ya Bwana," akasema.

"Basi usiende."

"Nitakwenda."

Ijumaa Kuu dari lilijaa. Picha ilikuwa kubwa, chini yake imegusa altare, na ile shuka yetu inang'aa hata kwenye mishumaa. Machteld akapenya, akainua macho. Nilimsikia akivuta pumzi.

Haukuwa uso wa Wessel. Ulikuwa uso wa bwana fulani mwenye ndevu za kuchana na pua ndefu. Agniet akatunong'oneza, macho chini, kwamba matajiri waliolipia picha ile hawakutaka Mwokozi mwenye sura ya mtoto wa mfua nguo. Lambert akalazimika kuuchora upya. Jamani, niliona giza. Mwanamke amengoja miezi mizima, ameweka nafsi yake rehani, na watu wamempa mgeni!

Nikamshika kiwiko nimtoe. Hakutoka. Watu walikuwa wanajipanga kwenda kubusu miguu ya Yesu kwenye msalaba mdogo wa mti aliouinua padre, kama desturi yao, nasi tukajikuta tunasukumwa mbele pamoja nao. Zamu yake ilipofika, Machteld alimpita padre. Alikwenda hadi kwenye picha yenyewe. Akainama penye nyayo, hapo chini, ambapo hakuna tajiri aliyehangaika kutazama. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimepinda kuelekea wenzake.

Akaweka midomo pale, akakaa.

Haarlem siri hailali. Kesho yake Mzee Govert, mmoja wa wazee wetu wa kanisa, alikuwa nyumbani kwa Machteld, kofia mkononi. Si mtu mbaya. Alimpeleka mtoto wake kubatizwa siku moja na Wessel, na alimlilia kijana yule kweli. Nilikuwepo, na sikuondoka ingawa alinitazama niondoke.

"Mama Wessel," akasema, "wanasema ulibusu sanamu ya Wakatoliki."

"Sikubusu sanamu. Nilibusu mguu wa mwanangu."

"Ile ni rangi na mafuta."

"Najua. Shuka yake niliifua mimi."

Mzee akajifuta uso. "Nisaidie nikusaidie. Sema tu ulizidiwa na majonzi, na kwamba unajuta. Neno moja. Kesho utakaa mezani, na hakuna atakayeuliza tena."

Mimi kwa macho nikamwomba: sema, mama, sema yaishe. Yeye akaitazama mikono yake iliyochubuka, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Najuta kumruhusu aende baharini," akasema. "Hilo najuta mpaka kufa. Hili siwezi, Mzee Govert. Nikisema najuta, nitakuwa nimemzika kwa uongo."

Govert akavaa kofia. Akatoka bila kufunga mlango.

Pasaka nilikaa kwenye Meza ya Bwana. Kwenye kiti cha Machteld kando yangu mkate ukapita bila kuguswa na mtu, na wanawake wakatazamana. Baadaye nilisikia kwamba Agniet alimtaka Lambert akinyooshe kile kidole, maana watu walianza kuulizana. Mzee, hata pumzi hana, akamjibu: "Uso niliwapa. Kidole siwapi." Akafa kabla maua ya tulipu hayajachanua.

Lakini siku ile ya Pasaka nilitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Machteld. Nilimkuta kwenye ngazi ya mlango wake, amevaa nguo zake za kanisani, mikono mapajani. Nilikuwa na hasira na wazee, na matajiri, na Lambert, na yeye pia. Nikaketi kando yake kwa kishindo.

"Haya, umepoteza Meza, na uso wenyewe hukuuona," nikamwambia. "Umefaidi nini?"

Akainua kidole. Akajigusa shavu, mahali pa kishimo.

"Kushoto," akasema.