Siku Nilipomuua Mume Wangu Mtandaoni

Wacha niseme mwenyewe, maana aibu hii mmeshasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo: mimi, mtu mzima, mwandishi wa riwaya moja, niliwaliza akina mama wa Mount Druitt, huku Sydney, kwa msiba usiokuwepo.

Riwaya ilikuwa izinduliwe Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, na nilichotaka ni watu waniite mwandishi, si yule dada wa kuogesha wazee. Rafiki yangu Wanjiru (anayejua mitandao kuliko anavyojua watoto wake) akanishauri, "Ukianza na 'soma kitabu changu' watu wanapita tu. Anza na uchungu." Basi Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, nikabandika kwenye ukurasa wangu kile kipande cha kwanza, mjane anaposema, "Leo alfajiri nimemfumba macho mume wangu kwa mkono huu," nikafuta mstari mmoja tu wa juu uliosema hii ni riwaya, nikaongeza picha yetu ya harusi (hapo sina utetezi), nikafungia simu kwenye kabati la wafanyakazi kama sheria ya pale inavyotaka, nikaingia shifti.

Saa tisa natoka, simu imeisha chaji. Nikapanda basi nikijipongeza.

Kufika mtaani kwetu naona magari pande zote mbili za barabara, akina mama wamejifunga leso, sufuria za wali, na pambio la maziko linaimbwa mlangoni kwangu. Sasa, mume wangu anaendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Mnadhani nilikumbuka nilichoandika? Wala. Nilijua tu Baba Neema amekufa, nikatupa mkoba, nikajiangusha kwenye nyasi na kupiga mayowe, wao wakazidi kulia kwa kuwa nalia, jirani Mzungu akatoka kuuliza kama aite ambulensi, na mchungaji akaanza kuomba.

Alikuwa bado anamkabidhi marehemu kwa Mungu, marehemu akaegesha gari.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

Nikamrukia, nikamshikashika uso, kisha nikawageukia kwa hasira: nani aliwaambia amekufa?

"Ni wewe," akasema mchungaji, akaninyooshea simu yake.

Nikasoma maneno yangu mwenyewe. Nikajitetea kwamba ni riwaya, ni sanaa, na Jumamosi wote wanakaribishwa (ndiyo, niliitaja Jumamosi, sijui kwa akili gani). Wakaanza kubeba sufuria zao.

Akabaki Mama Furaha, Mkongomani aliyemzika mumewe katika kambi ya wakimbizi kabla ya kuja huku. Ndiye aliyekuwa ameahidi kusimama siku ya uzinduzi awaambie watu wanisome.

"Mama Neema," akasema polepole, "mi niliacha kazi kule Smithfield nikuje. Nililia bwana yangu mara ya pili. Sasa kitabu yako nitaisoma na macho gani?"

Akabeba sufuria yake na yeye, akaondoka.

Jumamosi tulikuwa watano ukumbini, pamoja na marehemu. Kile kipande kimesambazwa hadi Nairobi, jina langu linajulikana kuliko nilivyowahi kuota, na hakuna hata mmoja anayeulizia kitabu. Ukurasa nimeufunga, na nimeapa sitaandika tena mtandaoni hata heri ya Krismasi. Ningekuwa na wasomaji kumi wanaoniamini, ningeshukuru.

Mwezi uliopita mama yangu alifariki nyumbani, Kakamega. Nilituma ujumbe mfupi kwenye kundi la kanisa, nikachemsha chai, nikakaa kungoja watu. Hakuja mtu. Baada ya saa nzima Mama Furaha akapiga simu.

"Hii ni ya kweli?" akauliza.

Nikamwambia ni ya kweli. Akaniomba nimpe mume wangu simu.